Jaketi la kujiokolea: mambo ya kufanya kabla boti haijang'oa nanga

Ukipanda boti ya Unguja au Pemba, kabla hujagombea kiti cha dirishani, tafuta jaketi lako. Huwa chini ya kiti au kabatini. Peleka mkono uliguse, usiridhike na kibandiko. Kisha hesabu safu za viti hadi mlango wa kutokea, kwani moshi ukijaa utazipapasa gizani. Jua na mlango wa upande wa pili: boti ikilala, wa kwanza unaweza kuwa majini.

Kulivaa: pitisha kichwa, zungusha mkanda kiunoni, funga hadi kifungo kilie "tak", halafu vuta ncha mpaka ubane. Sasa lishike mabegani ulivute juu. Likifika masikioni, kaza tena. Jaketi lililolegea hupanda usoni ukiingia majini, na mtoto huchomoka kabisa, jaketi likaelea peke yake. Ndiyo maana mtoto havalishwi la mkubwa. Kwa viwango vya kimataifa, la mchanga ni chini ya kilo 15, la mtoto ni kilo 15 hadi 43. Soma maandishi yake, na kama lina mkanda wa mapajani, ufunge. Ukikosa la saizi yake, mwambie baharia kamba zikiwa bado gatini.

Honi fupi saba na moja ndefu maana yake nenda kituo cha kukusanyikia. Mizigo iache. Toka ukumbini mapema, uende sitahani: chombo kikipinduka ukiwa ndani, jaketi la sponji hukubana darini na huwezi kupiga mbizi kufuata mlango. La kujazwa upepo lijaze ukishatoka. Msikimbilie upande mmoja, hata ikiwa ni kutazama tu, chombo kisije kikapinduka. Kivuko cha MV Nyerere, kilichojaa kupita uwezo wake, kilipinduka Septemba 20, 2018 kikikaribia gati la Ukara, Ziwa Victoria.

Usiruke mpaka uamriwe au pasiwe na njia nyingine. Tazama chini pasiwe na mtu, bana pua kwa mkono mmoja, kandamiza jaketi kifuani kwa mwingine, piga hatua, miguu itangulie. Majini, kunja magoti kifuani na mshikamane. Usifuate ufukwe unaouona, mkondo utakuchosha bure. Puliza filimbi badala ya kupiga kelele. Taa za jaketi nyingine huwaka zikigusa maji, nyingine mpaka uvute kizibo. Iangalie yako ukiwa bado umekaa.