Jinsi ya Kuujua Mvinyo wa Timorasso Ukiwa Kisumu

Anayetaka kuujua mvinyo mweupe wa Timorasso na aanze na lebo. Zabibu yake, inayoitwa pia Timorasso, ni ya asili ya vilima vinavyouzunguka mji wa Tortona, kusini-mashariki mwa mkoa wa Piemonte nchini Italia, na wazalishaji wengi huandika Derthona, jina la kale la mji huo, au Colli Tortonesi, yaani vilima vya Tortona. Katika maduka ya vileo ya Kisumu ni nadra kuukuta, kwa hiyo mwombe mwenye duka akuagizie kupitia waagizaji wa Nairobi, na chupa ikifika, hakikisha ina stempu ya ushuru ya KRA.

Uhaba wake una sababu. Mdudu wa filoksera alipoangamiza mizabibu ya Ulaya, wakulima wa huko walipopanda upya walipendelea Cortese, zabibu nyingine nyeupe, kwa kuwa Timorasso huzaa kwa kusuasua na punje zake hupukutika kwa urahisi. Ilikuwa karibu kutoweka hadi miaka ya 1980, ambapo Walter Massa, mkulima wa kijiji cha Monleale, aliishikilia na kuitengenezea mvinyo wake yenyewe. Binafsi naamini kazi hiyo inastahili mnywaji mwenye subira.

Subira hiyo huanzia kwenye friji. Friji ya nyumbani hupoza hadi nyuzi 4 hivi, baridi inayofifisha harufu, ilhali mvinyo huu hujifungua vizuri ukiwa karibu na nyuzi 12. Itoe chupa dakika kumi na tano kabla ya kuifungua, kisha umimine kidogo kidogo, maana joto la mchana la Kisumu huupasha mvinyo ulio kwenye glasi upesi mno. Ukiwa mchanga utasikia limau, peasi na ladha inayokaribia chumvi, pamoja na ukali unaochangamsha ulimi. Ukikaa miaka kadhaa, hutoa harufu ya asali na, kwa mbali, mafuta ya taa. Usidhani umeharibika, kwani hiyo ni alama ya zabibu hii inapokomaa, na wanaoipenda huitafuta kwa makusudi. Hata hivyo, usijaribu kuukomaza kwenye kabati la kawaida, kwa sababu joto litauchosha kabla ya wakati wake.

Mezani, uandalie ngege wa kukaangwa kisha kurudishwa kwenye nyanya na vitunguu, kwa ugali. Mvinyo huu ni mzito kuliko nyeupe nyingi, hivyo haumezwi na mchuzi, na ukali wake hukata mafuta ya samaki. Pilipili iwe kidogo tu, kwa kuwa kileo huikoleza.

Usiimalize chupa siku hiyo hiyo. Irudishie kizibo, uiweke friji, kisha uonje tena kesho yake jioni, kwani Timorasso mchanga mara nyingi huwa na harufu pana zaidi baada ya kupata hewa.