Kuandaa picha ya lino kwa maonyesho ya kimataifa: anza na fomu, patasi baadaye

Lino ni bamba laini la aina ya zulia la sakafuni: unalichonga, unalipaka wino, kisha unaligandamiza kwenye karatasi ili upate picha. Wachapaji wengi wa picha za namna hii huchonga kwanza, halafu ndipo wanatafuta maonyesho ya kupeleka kazi yao. Nami nilikuwa hivyo hivyo. Mwaka mmoja nilichonga lino la sentimita 30 kwa 40, nikatoa nakala ishirini, kisha nikarudi kuisoma fomu ya maonyesho kwa utulivu. Kumbe 30 kwa 40 kilikuwa kipimo cha karatasi, si cha picha. Ili nikubaliwe ningelazimika kukata pambizo zote, na picha isiyo na pambizo haina pa kutia sahihi. Nikaziweka kabatini. Tangu hapo naanzia kwenye fomu.

Hatua ya 1: Soma masharti ukiwa na rula mkononi

Tafuta vipimo viwili, cha picha na cha karatasi, uviandike ukutani juu ya meza yako. Tofauti ni kubwa baina ya maonyesho na maonyesho: yale ya picha ndogo ya Cadaqués, Hispania, hayapokei picha inayozidi sentimita 10 kwa 10. Kisha angalia kazi iwe imechapwa tangu mwaka gani, kama uchapaji wa kompyuta unaruhusiwa, ada ni kiasi gani, na kazi ikishaonyeshwa itarudi kwako au itabaki kwao. Hilo la mwisho ndilo linaloamua nakala ngapi utoe.

Hatua ya 2: Chonga

Lino likiwa baridi hukatika vipandevipande. Liache juani dakika chache, au likalie. Sitanii, joto la mwili linatosha. Mchoro uhamishe kinyume, hasa kama una herufi, na mkono usiochonga ukae nyuma ya patasi daima.

Kosa la wanaoanza ni kuchimba pembeni ya mstari wima kabisa, au kuuchimbia chini. Mstari mwembamba wa namna hiyo unasimama kama ukuta usio na msingi, na baada ya nakala tano unabomoka chini ya mgandamizo. Laza patasi ili kingo zishuke kwa mteremko, mstari uwe mpana chini kuliko juu.

Patasi ikiteleza, usitupe kipande kabla hujakichapa. Jiwe la litografia (uchapaji wa picha iliyochorwa juu ya jiwe bapa) la msanii wa Marekani Robert Rauschenberg lilipasuka likiwa kwenye mashine. Akalichapa na ufa wake, picha akaiita Accident (Ajali), na mwaka 1963 ikampa tuzo kuu katika maonyesho ya kimataifa ya uchapaji ya Ljubljana, ambao leo ni mji mkuu wa Slovenia. Yapo makosa ambayo picha huyabeba vizuri. Kipimo cha karatasi si mojawapo.

Hatua ya 3: Wino na karatasi

Sambaza wino kidogo juu ya kioo, upitishe rola huku na huku, kisha usikilize. Wino ukiwa mwingi, rola inatoa mlio mzito wa majimaji na uso wake unakuwa na vinundu kama ganda la chungwa. Ukipungua hadi mlio uwe mwepesi, wa kunata, kama utepe wa gundi unaobanduliwa taratibu, hapo paka lino. Tabaka nyembamba mara nne hushinda tabaka nene mara moja, kwa sababu wino mzito hujaza mikato midogo uliyoihangaikia usiku kucha.

Chagua karatasi ya pamba isiyo na asidi. Yenye gramu 250 kwa mita ya mraba inafaa mashine ya kuchapia. Kama unasugua kwa mgongo wa kijiko cha mbao, tafuta nyembamba zaidi, la sivyo bega litakuuma na weusi utatoka na madoa meupe. Gundisha kona mbili za kadibodi mezani ili kila karatasi itue mahali pale pale.

Hatua ya 4: Hesabu toleo na utie sahihi

Tumia penseli. Wino wa kalamu huweza kupauka au kupenya karatasi. Chini ya picha, kushoto andika namba, katikati jina la kazi, kulia sahihi na mwaka. Namba 7/20 maana yake ni nakala ya saba katika toleo la nakala ishirini. Nje ya hizo unaruhusiwa nakala chache za msanii, yaani za kubaki nazo mwenyewe. Kwa desturi hazizidi sehemu moja ya kumi ya toleo. Ukishaandika ishirini, ya ishirini na moja haipo, hata mnunuzi akikubembeleza.

Nakala zifanane. Zipange zote sakafuni, usimame juu ya kiti, uzitazame kutoka juu: ile iliyofifia itajionyesha yenyewe.

Hatua ya 5: Piga picha

Mara nyingi waamuzi wa awali huiona kazi kwenye skrini tu. Weka taa mbili pande mbili, kila moja kwa nyuzi 45, kamera iwe sambamba na karatasi, na pambizo zionekane zote.

Hatua ya 6: Funga na utume

Wino wa mafuta unadanganya. Ukiugusa kwa kidole unaonekana umekauka, lakini ndani bado mbichi. Niliwahi kutuma nakala mbili zikiwa na siku sita. Zilifika zimegandana uso kwa uso. Sasa nasubiri wiki tatu, na kati ya nakala naweka karatasi laini isiyo na asidi.

Kama vipimo vinaruhusu, tuma bapa kati ya kadibodi mbili ngumu. Kuiviringisha ndani ya bomba la kadibodi ni nafuu, ila kazi ikitoka humo inajikunja na anayeipanga ukutani ataichukia. Kwenye tamko la forodha andika maneno yale yale waliyokupa waandaaji, na ubaki na nakala moja ya msanii nyumbani, imelala bapa, mbali na dirisha.