Kabla Mtoto Hajapitishiwa Mrija wa Moyo: Mambo ya Kuzingatia

Rufaa, picha za eko (kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti) na majibu ya damu viwekwe katika bahasha moja, visitegemee simu ambayo chaji yake huisha. Mtoto apimwe uzito upya, kwa sababu dawa ya usingizi hupimwa kwa kilo zake za leo. Dawa zote zitajwe kwa daktari, hata mitishamba aliyoleta shangazi kutoka Tanga. Kagua kinena kila siku, maana mara nyingi mrija huingizwa kwenye mshipa wa hapo na kupandishwa hadi moyoni, na vipele vya nepi pekee vinaweza kuahirisha shughuli nzima. Homa au mafua yakianza, piga simu mapema. Usiyafunike kwa panado. Anayetoka Kimara alale karibu na hospitali, kwa kuwa mvua ikikaza, barabara ya bonde la Jangwani, Dar es Salaam, huweza kutopitika.

Sasa suala la kufunga, ambalo lilinishinda mara mbili.

Mwanangu alizaliwa na tetralojia ya Fallot, yaani kasoro nne za moyo kwa pamoja zinazopunguza oksijeni kwenye damu, na midomo yake ilikuwa ikigeuka bluu akilia. Mara ya kwanza tulipangiwa saa mbili asubuhi, tukaambiwa tu kwamba asile. Saa kumi na moja alfajiri mama mkwe alimhurumia akampa vijiko vinne vya uji, akaja kuniambia tukiwa tumeshafika mlangoni pa wodi. Daktari wa usingizi alikataa, na alikuwa na haki: mtoto aliyelazwa usingizi na chakula tumboni anaweza kutapika, matapishi yakaingia mapafuni. Tukarudi Tabata kimya.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, nami mara ya pili nikamnyima kila kitu tangu saa moja jioni, hata maji. Foleni ikasogezwa hadi saa nane mchana. Hakuna aliyetuambia, nami sikuuliza. Damu ya watoto wa aina hii mara nyingi huwa nzito, kwa kuwa mwili huongeza chembe nyekundu kufidia upungufu wa oksijeni, na mwili ukikaukiwa maji damu huzidi kuwa nzito na huweza kuganda. Ilipofika saa sita mchana mtoto alikuwa amelegea, kucha zimekuwa rangi ya wino, na muuguzi alimbeba mbio kwenda kumwekea dripu.

Kwa hiyo usiridhike na neno "asile". Dai saa kamili. Kwa kawaida uji mwepesi na maziwa ya kopo au ya ng'ombe hukoma saa 6 kabla, maziwa ya mama saa 4, maji matupu saa 2. Kwa shughuli ya saa mbili asubuhi, basi, uji wa mwisho ni saa nane usiku, titi saa kumi alfajiri, na maji saa kumi na mbili. Daktari wenu akipanga vingine, fuateni lake. Foleni ikisogea, mwulize muuguzi papo hapo kama mtoto apewe maji au dripu. Andika saa hizo kwenye karatasi, uibandike mlangoni pa jiko, na bibi asomewe kwa sauti.

Baada ya shughuli mguu hulazwa umenyooka kwa saa kadhaa, kwa hiyo beba kitu cha kumtuliza. Damu ikivuja, bandika kiganja ukandamize kwa nguvu huku ukiita msaada. Mguu ukipoa au ukipauka kuliko mwenzake, usisubiri madaktari wapite asubuhi. Na mkiruhusiwa, msimpandishe bodaboda.