Jinsi ya kuandaa siku ya kubadilishana mbegu na miche kwenye kikundi cha bustani

Kikundi cha bustani ya mboga kinaweza kukutana mwaka mzima kwa michango na chai, na bado kila mwanachama akaenda dukani kununua mbegu zilezile. Siku ya kubadilishana, mara mbili kwa mwaka, ndiyo dawa yake. Ila ina hatari moja: meza iliyogawa mgagani mzuri ndiyo hiyohiyo inayoweza kugawa mnyauko na minyoo kwa bustani 20 ndani ya asubuhi moja. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi iko kabla ya siku yenyewe. Mwongozo huu unafaa kikundi cha watu 15 hadi 40, sehemu zenye vuli na masika kama Arusha, Moshi au Morogoro.

Hatua ya 1: Panga tarehe kwa kuhesabu kurudi nyuma

Siku iwe wiki mbili au tatu kabla ya mvua: katikati ya Februari kwa masika, katikati ya Septemba kwa vuli. Ukishaipata tarehe, rudi nyuma. Pilipili hoho hukaa kitaluni wiki 6 hadi 8, ngogwe wiki 5 au 6, nyanya, mnavu na sukuma wiki takriban mwezi mmoja. Mtangazieni kila mtu tarehe wiki 10 kabla. Mkitangaza kwa kuchelewa mtaletewa miche yenye majani mawili, au ile iliyorefuka na kulegea kwa kukaa kitaluni kupita kiasi.

Mchicha na mgagani visiletwe kama miche. Mgagani una mzizi mkuu mrefu usiopenda kuhamishwa; leta mbegu.

Chagua Jumamosi, saa 3 asubuhi hadi saa 6 mchana, chini ya mti wenye kivuli kizito au kwenye uwanja wa ofisi ya mtaa. Msifanyie ndani ya bustani ya kikundi. Viatu vya watu 40 huja na udongo wa bustani 40.

Hatua ya 2: Vuna mbegu ipasavyo

Swali la kwanza kabla ya kuvuna chochote: mmea huu ulitoka kwenye pakiti ya chotara, yaani F1? Kama ndiyo, mbegu zake hazitazaa mmea uleule; watoto watatofautiana kwa umbo, ukubwa na uvumilivu wa magonjwa. Kula mavuno, mbegu usilete.

*Mchicha.* Chagua mapema mimea 10 au zaidi iliyo bora na usiichume majani kabisa. Kosa la kawaida ni kula mimea mizuri na kuvuna mbegu kwenye ile iliyowahi kutoa maua. Ukifanya hivyo misimu mitatu, unapata mchicha unaokimbilia maua kabla hujaula. Sugua shuke kiganjani: mbegu zikidondoka kirahisi, kata, anika juu ya turubai siku tatu au nne, pura, pepeta.

*Mgagani.* Maganda ya mbegu yakigeuka njano vuna mara moja, maana yakikauka hupasuka na kumwaga mbegu. Halafu subiri. Mbegu mpya ya mgagani hulala. Ukiipanda mwezi huohuo itaota kidogo sana, na mtu aliyekupa atasingiziwa kuwa na mbegu mbovu. Iache angalau miezi mitatu. Maana yake mgagani wa meza ya Februari uwe umevunwa kufikia Novemba.

*Nyanya.* Kamua mbegu na majimaji yake kwenye kikombe, bila kuongeza maji, iache siku moja hadi mbili kivulini (sehemu za baridi siku tatu). Ule utelezi unaozizunguka mbegu ukishayeyuka, jaza maji, koroga. Nzima huzama, mapepe huelea. Osha, tandaza kwenye sahani. Ukiziweka juu ya gazeti zitagandamana nalo. Ukizisahau kikombeni siku tano zitaanza kuota humohumo.

*Ngogwe na mnavu.* Tumia matunda yaliyoiva kupitiliza: ngogwe iwe nyekundu kabisa, mnavu uwe mweusi na laini. Ponda ndani ya maji, osha, kausha kivulini.

*Maboga.* Nyuki huyachanganya. Kama jirani ana aina nyingine na hukuchavusha kwa mkono na kulifunga ua, andika "mchanganyiko" kwenye lebo. Na boga au mung'unye wowote uliotoka kwenye mbegu ya namna hiyo ukionja ni mchungu, tema na utupe. Uchungu huo ni sumu.

*Matembele na kisamvu* huletwa kama vipande. Matembele: ncha za sentimita 30. Kisamvu: pingili za sentimita 20 hadi 25 zenye macho matano au zaidi, kutoka kwenye shina lisilo na magonjwa ya batobato wala michirizi kahawia.

Kabichi msijisumbue. Inahitaji baridi ili itoe maua, na sehemu nyingi tunazolima haiipati.

Hatua ya 3: Kausha, kisha jaribu kuota

Kunde ikikauka sawasawa, ukiing'ata jino haliachi alama. Kwa kipimo cha haraka zaidi, jaza theluthi ya chupa ya kioo iliyokauka kwa kunde, weka vijiko viwili vya chumvi kavu, tikisa dakika moja, acha robo saa. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, kunde bado mbichi. Mbegu ndogo za mboga zinahitaji ukavu zaidi ya huo. Funga kitambaa chenye mbegu ndani ya chupa yenye mchele uliokaangwa bila mafuta ukapoa chupa ikiwa imefungwa. Mchele utavuta unyevu uliobaki ndani ya wiki moja au mbili.

Jaribio la kuota ndilo linalorukwa na kila mtu, na ndilo linaloondoa lawama. Kunja tishu mara mbili, loanisha, kamua hadi isidondoshe tone. Panga mbegu 50 kwa safu za 10, funika kwa tishu nyingine yenye unyevu, weka kwenye kopo lenye mfuniko. Andika tarehe juu ya kopo. Mchicha hesabu siku ya tano, kunde siku ya sita, nyanya siku ya kumi, pilipili siku ya kumi na nne. Mgagani ufunike kwa kitambaa cheusi, kwa sababu mwanga unauzuia kuota. Zikiota 40 kati ya 50 kwenda juu, safi. Kati ya 30 na 39, lebo iandikwe "panda nene". Chini ya 30 zibaki nyumbani.

Mbegu zikifanya ukungu kwenye tishu, kwa kawaida ni maji yamezidi. Rudia mara moja kabla ya kuzihukumu.

Hatua ya 4: Funga na uandike

Bahasha za khaki, au karatasi ya daftari iliyokunjwa. Mchicha na mgagani: kijiko cha chai kilichosawazishwa. Nyanya, ngogwe, pilipili: mbegu 30. Kunde: konzi moja. Miche iletwe kwenye viriba, makopo yaliyotobolewa au vikopo vya maganda ya mgomba. Mifuko ya rambo ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, na kwa miche haikuwa na maana hata kabla ya hapo, maana inakaanga mizizi.

Lebo iwe na jina la zao na jina lake la kienyeji, mtaa au kijiji ilikokuzwa, mwezi na mwaka wa kuvunwa, idadi iliyoota, na jina la mleta. Tumia penseli, wino wa kalamu nyingi hukimbia ukiloa.

Hatua ya 5: Meza ya ukaguzi

Hii ndiyo siku yenyewe; mengine ni sherehe. Kaeni watu wawili mlangoni, mkiwa na ndoo ya maji, sabuni, wembe na glasi ya kioo. Hakuna mche unaofika meza kuu bila kupita hapa, hata wa mwenyekiti.

Kila trei au kundi la miche, ng'oa mmoja, suuza mizizi. Ukiona vinundu kama shanga vilivyo sehemu ya mzizi wenyewe, hiyo ni minyoo fundo, na trei nzima inarudi. Msivichanganye na vinundu vya kunde, ambavyo hubanduka kwa ukucha na vina faida. Geuza majani: nzi weupe wakiruka, rudisha. Kwenye nyanya tafuta mabaka meupe yaliyochimbwa ndani ya jani, kazi ya mdudu aitwaye kantangaze.

Mnyauko bakteria ni mgumu zaidi kwa sababu mche unaweza kuonekana mzima kabisa. Hapa uliza, usitazame tu: udongo wa kitalu ulitoka wapi, na kuna nyanya iliyonyauka ghafla ikiwa bado ya kijani? Kama jibu ni ndiyo, mwanachama alete shina la mmea ulionyauka. Kata kipande karibu na ardhi kwa wembe, kishikilie wima ncha yake ikigusa maji safi kwenye glasi, bila kutikisa. Ndani ya dakika chache, ukiona uzi mweupe kama maziwa ukishuka kutoka kwenye shina, ni wenyewe. Nyanya, ngogwe, pilipili na mnavu wa bustani hiyo visiingie, kwa upole lakini bila mjadala.

Mvuta sigara na mnusa ugoro wanawe kwa sabuni kabla ya kushika nyanya. Virusi vya tumbaku husafiri kwa vidole.

Hatua ya 6: Kadi

Bila kadi, watu watano wa kwanza huondoka na ngogwe zote. Mleta hupewa kadi, na kwa kadi hizo huchukua vya wengine: pakiti moja iliyopita ukaguzi ni kadi 1, miche mitatu kadi 1, vipande vitano vya matembele kadi 1. Mtu asizidi kadi 12, na nusu saa ya kwanza asichukue zaidi ya pakiti mbili za aina moja. Kata kadi kutoka kwenye boksi na mgonge muhuri wa kikundi. Vifuniko vya soda vinaonekana rahisi, lakini kila mtu anavyo nyumbani.

Mgeni asiye na kitu apewe kadi 3 za mkopo. Atalipa pakiti 6 msimu unaofuata, na katibu aandike.

Fedha zisipite mezani. Biashara ya mbegu nchini inasimamiwa na TOSCI, taasisi ya serikali ya kudhibiti ubora wa mbegu, chini ya Sheria ya Mbegu ya 2003; kikundi kikitaka kuuza, kimuulize afisa kilimo wa kata kuhusu utaratibu wa mbegu za kuazimiwa ubora, yaani zinazozalishwa na wakulima wenyewe na kukaguliwa.

Hatua ya 7: Asubuhi yenyewe

Saa 3 hadi saa 4 ukaguzi na kutazama tu, hakuna kuchukua. Wakati huo, ili watu waonje, pikeni mnavu wa kila aina kwenye sufuria yake, kwa maji na chumvi, bila karanga wala nazi, kwani hivyo huficha uchungu. Sahani ziwe na namba, si majina ya walioleta. La sivyo wote watausifu mnavu wa mama mkwe. Saa 4 filimbi, kadi zinaanza kutumika.

Hatua ya 8: Wiki sita baadaye

Katibu apitie daftari na kumuuliza kila aliyechukua: ziliota ngapi, mmea ulikuwa ule ulioandikwa, kulikuwa na ugonjwa? Aina iliyolalamikiwa na watu watatu kutoka bustani tofauti isimame msimu mmoja. Iliyolalamikiwa na mmoja tu, kamuulizeni kwanza alizika mbegu zake kina gani; mchicha uliofukiwa zaidi ya sentimita moja mara nyingi hautoki.