Jina la nyumbani halifuati IP mpya: tafuta kasoro ya DDNS hatua kwa hatua

Nimetoka kumsaidia rafiki ambaye ruta yake ilionyesha alama ya kijani kwenye DDNS (huduma inayosasisha jina lako kila IP ya nyumbani inapobadilika), huku jina likiendelea kuelekeza kwenye anwani ya zamani. Alama hiyo isikutulize. Usiguse nenosiri wala mpangilio wowote kabla ya hatua ya kwanza.

1. Linganisha anwani tatu

Ya kwanza ni anwani ya WAN (upande wa ruta unaotazama intaneti) iliyo kwenye ukurasa wa ruta. Ya pili ni ile inayoonekana nje:

`curl -4 ifconfig.me`

Ya tatu ni ile iliyoandikwa kwenye DNS, orodha inayogeuza majina kuwa anwani:

`dig +short jinalako.example.com @1.1.1.1`

Iulize 1.1.1.1 (seva ya DNS ya umma) moja kwa moja, maana ruta inaweza kukurudishia jibu ililohifadhi.

Zote zikilingana, DDNS ni nzima. Jaribu kuingia kwa simu yenye data, Wi-Fi ikiwa imezimwa, kwa sababu ruta nyingi hazikuruhusu kujifikia kwa anwani ya nje ukiwa ndani.

Ya kwanza na ya pili zikitofautiana, tulia hapa, ndipo watu wanapopoteza usiku mzima. WAN ikianza na 192.168, 10, au 172.16 hadi 172.31, mara nyingi kuna modemu mbele inayofanya NAT yake, yaani kuvipa vifaa anwani za ndani na kuvitoa nje kwa anwani moja. Iweke katika hali ya daraja (bridge). Ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, uko nyuma ya CGNAT, yaani NAT ya mtoa huduma wako: anwani hizo zilitengwa mwaka 2012 kwa ajili ya watoa huduma, na wateja wengi hushiriki anwani moja ya umma. DDNS itasasisha vizuri kabisa, na bado hakuna atakayeingia. Omba anwani ya umma, tumia IPv6, au pitisha WireGuard (aina ya VPN) kwenye seva ya kukodi.

Angalia pia VPN. Ikiwa ruta inapitisha kila kitu humo, anwani ya pili ni ya seva ya VPN, basi iambie programu isome anwani kutoka WAN yenyewe. Lakini kama kuna modemu mbele, fanya kinyume: isome kutoka tovuti ya nje.

2. Soma majibu ya seva

Ikiwa ya tatu pekee ndiyo tofauti, sasisho halifiki. Mimi huacha menyu ya ruta na kutumia ddclient, programu ya kompyuta inayotuma masasisho ya DDNS, kwa kuwa inasema kila kitu:

`ddclient -daemon=0 -debug -verbose -noquiet`

`badauth` ni jina la mtumiaji au nenosiri. `nohost` ni jina la mtandao lililokosewa. `abuse` ni kwamba umezuiwa, mara nyingi kwa kutuma bila mabadiliko.

Ikiwa DNS yako iko kwa Cloudflare, tumia tokeni yenye ruhusa ya kuhariri DNS ya kanda hiyo tu, kamwe usitumie ufunguo wa akaunti nzima. Wingu la rangi ya chungwa (trafiki kupitia Cloudflare) likiwashwa, `dig` itatoa anwani za Cloudflare. Hiyo si kasoro.

3. Futa rekodi ya AAAA iliyochakaa

AAAA ni rekodi ya anwani ya IPv6. Vifaa vingi hujaribu IPv6 kwanza, hivyo anwani ya zamani hapo huvipoteza.

4. Jaribu kwa makusudi

Andika 192.0.2.1 (anwani ya mfano tu) kwenye rekodi kwa mkono. Simamisha ddclient, futa `/var/cache/ddclient/ddclient.cache`, kisha iwashe. Usipofuta faili hilo, itaamini anwani haijabadilika na haitatuma chochote. Rudia `dig` baada ya muda wa TTL (muda ambao jibu la DNS huhifadhiwa) kupita.