Jina la tovuti lipimwe kwa sikio

Kabla sijagusa kompyuta nilikuwa naandika majina ya mitumbwi pale Kibirizi, ufukweni Kigoma. Mwenye mtumbwi anakuja na jina lake, mimi na kopo la rangi na brashi mbili. Kabla sijachovya brashi namwambia arudi nyuma hatua thelathini, anitajie hilo jina huku mashine ya mtumbwi mwingine inanguruma. Nikilisikia, naandika. Nisipolisikia, tunakaa chini kwenye mchanga tunalitafakari upya. Wavuvi wa dagaa wanaitana usiku, majini, kila mtu na taa zake. Jina linalopotea kwenye upepo halimsaidii mtu.

Siku hizi nina chumba changu Mwanga, hapahapa Kigoma mjini, nachapa stika na mabango, na watu wananijia niwasaidie kupata jina la tovuti, yaani domeni. Kazi imebadilika, kipimo changu hakijabadilika. Hapa kwetu jina husikika kwanza, kuandikwa ni baadaye. Mteja wa Tabora au Dodoma anaambiwa kwa simu, "ingia kwenye tovuti yetu", naye yuko sokoni, kelele tupu, simu begani. Kama hawezi kuliandika jina kwa kulisikia mara moja, basi hela uliyolipia domeni imezama.

Nieleze kwa mfano wa dada mmoja anayeuza mawese kwa jumla kutoka Mwandiga, kwa sababu naye tulihangaika siku tatu.

Alikuja na jina ameliandika kwenye karatasi: "kigomaredpalmoilproducts". Nikalihesabu, herufi 24. Nikamuuliza, dada, wateja wako wanasema nini wakikupigia simu? Akasema wanasema mawese. Basi hilo la Kiingereza nani atalitaja? Kiufundi domeni inaruhusu hadi herufi 63 kabla ya doti, lakini ruhusa hiyo isikudanganye. Mimi mwisho wangu ni 15. Zaidi ya hapo hata kwenye stika ya dumu herufi zinakuwa ndogo kama chungu.

Tukajaribu "mawesehalisi". Hapo nikafanya ninachomfanyia kila mteja, na wewe ukifanye hata kama mengine yote utayaacha: rekodi ujumbe wa sauti ukitaja jina mara moja, kwa kasi yako ya kawaida, watumie watu watano kwa WhatsApp, waambie waandike walichosikia bila kukuuliza swali. Wasiwe watu wa ofisini peke yao. Tia humo mama wa sokoni, dereva wa bodaboda, mwanafunzi. Wale watano wakarudisha "mawesehalisi" mawili, "maweseharisi" mawili, na "mawesealisi" moja. Sio kwamba hawajasoma. Wengi wetu tumekulia kwenye Kiha, na wengine Kirundi, na l na r zinabadilishana mdomoni tangu nyumbani. Herufi h nayo inaingia na kutoka inavyotaka. Nimeshaandikiwa "hasali" na watu wazima wenye duka la asali.

Kwa hiyo zipo sauti ninazozikwepa nikiweza. L na r zikikaa jirani. H mwanzoni mwa neno. Dh, kwa sababu dhahabu huandikwa zahabu. Gh, kwa sababu ghala huwa gala. Na th ndiyo mbaya kuliko zote: fundi seremala mmoja alitaka "samanibora", nikamrushia watu wake watano, watatu wakaandika "thamanibora". Tena hawakukosea neno, thamani ni neno zuri, ila ni duka la mtu mwingine kabisa. Angelipa, angechapa kadi, halafu wateja wake wakaishia mlango wa jirani.

Kuna na maneno ya ng'. Domeni inapokea herufi za kawaida a hadi z, tarakimu, na kistari basi. Kistari chenyewe kisikae mwanzo wala mwisho. Ile alama ya juu ya ng'ombe haipiti. Ukisajili "ngombe" mtu atakayeandika kwa usahihi wa shuleni hatafika kwako. Muuza maziwa, tafuta neno lingine.

Jingine ni pale maneno mawili yanapogongana. "Dagaaasili" ina a tatu mfululizo, nani atakumbuka kuzihesabu? Yule dada wa mawese naye alilipenda sana "mamamawese", na likitamkwa ni tamu kweli. Nikamwomba aliandike haraka mara tatu bila kuangalia nyuma. Mara ya tatu aliandika ma nne. Akaliacha mwenyewe, sikumlazimisha.

Na maneno yakishikana bila nafasi yanaweza kuzaa neno ambalo hukulikusudia. Hili lilinipata mimi na linanichoma mpaka leo. Kijana mmoja wa kuku wa mayai aliniletea jina "kukumayai", nikaliona jepesi, nikamwandikia bango kwa herufi ndogo, rangi nyekundu, nikalianika nje likauke. Mama yangu alipita, akasimama, akaniita ndani kwa sauti ya chini. Hebu soma kuanzia herufi ya tatu hadi ya sita utaelewa kwa nini. Nililifuta kwa mafuta ya taa usiku uleule. Tangu siku hiyo kila jina naliandika kwa herufi ndogo zimeshikana, nalipitisha macho polepole kutoka kila herufi, halafu nampa mtu mzima wa kike alisome, kwa sababu vijana wanaona na kunyamaza. Unaweza kuandika KukuMayai kwenye bango, herufi kubwa hazibadilishi anwani, tovuti itafunguka ileile. Lakini kwenye simu ya mteja juu kabisa itaonekana kwa herufi ndogo, na ndivyo atakavyoisoma.

Tarakimu sizipendi. "Soko24" mmoja atasema ishirini na nne, mwingine twentifoo, wa tatu ataandika kwa maneno. Kistari nacho kwenye simu ni shida: mwambie mtu "weka deshi" usikie atakavyokuuliza deshi gani.

Sisi wa Kigoma tuna jambo ambalo mtu wa Morogoro halimhusu. Wateja wetu wengine wako Bujumbura, Uvira na Kalemie. Wanaongea Kiswahili kizuri, ila wamejifunza kuandika kwa Kifaransa. Ch kwao inasomeka sh, na ch yetu wengi wao huiandika tsh. Kwa hiyo "chikichi", neno tamu kuliko yote kwa biashara ya mawese, mtu wa ng'ambo ya ziwa anaweza kuliandika "tshikitshi". Nilihuzunika kulifuta kwenye orodha yetu. Kama unauza ndani ya Tanzania tu, lichukue bila woga. Kama mzigo wako unavuka ziwa, mtafute mtu mmoja wa upande ule naye awe kwenye wale watano.

Mwisho jina lilipatikana tukiwa tumeshachoka. Dada alipokea simu ya mteja, nikamsikia anajibu, "Eeh, ndiye mimi, yule wa dumu la njano." Nikamuuliza, mbona wanakuita hivyo? Akasema tangu aanze alinunua madumu ya njano ya aina moja ili yasipotee kwenye treni, na wapokeaji kule Tabora wakamzoea kwa hayo. Nikaandika "dumulanjano". Herufi 11. Watu watano, majibu matano, yote sawasawa, na mmoja akaongeza, "huyu si yule mama wa mawese?" Sikuhitaji ushahidi zaidi. Kwa hiyo kabla hujakaa kubuni, sikiliza wateja wanakuitaje. Mara nyingi jina lako liko midomoni mwao, wewe ndiye hujalichukua. Maneno kama bora, safi na halisi hayakatazwi, ila kila mtu anayo, na mteja atakuchanganya na wengine kumi.

Kuweka "kigoma" ndani ya jina kunalipa pale mahali penyewe panapouza. Dagaa wa Kigoma wanatafutwa kwa jina hilo nchi nzima, basi litumie. Fundi simu wa Mwanga halimwongezei kitu, na akifungua duka la pili Kasulu litaanza kumbana.

Sasa mkia, yaani kinachofuata baada ya doti. Dot com ya kwanza ilisajiliwa tarehe 15 Machi 1985, kwa hiyo usipoteze wiki ukitafuta "samaki.com" au neno lolote fupi la namna hiyo, yalishaondoka zamani. Kwa biashara yenye wateja wa Tanzania mimi naanza na .co.tz. Majina yana nafasi zaidi, na mteja anajua uko nchini. Mikia ya .tz iko chini ya usimamizi wa TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na inauzwa na wasajili wenye kibali. Asasi isiyo ya biashara inachukua .or.tz, shule .sc.tz, chuo .ac.tz; .go.tz ni ya serikali, usiihangaikie. Ukiwa na hela ya ziada chukua na .com ya jina hilohilo uielekeze kwenye tovuti yako, kwa sababu watu huandika .com kwa mazoea tu. Mikia ya bure iepuke. Vijana wengi walijenga kwenye .tk, ambayo ni ya Tokelau, visiwa vidogo vya Pasifiki. Jina la bure hulimiliki sawasawa na siku likiondolewa huna pa kulalamika.

Jina likishapita sikio, lichunguze kabla ya kulipa. Litafute kwenye mfumo wa BRELA, wakala wa serikali wa kusajili biashara, na ujue kwamba kusajili jina la biashara BRELA hakukupi domeni, wala domeni haikupi jina BRELA. Ni milango miwili, pita yote. Angalia kama liko wazi Instagram, Facebook na TikTok. Kisha liingize kwenye web.archive.org, hifadhi ya kurasa za zamani za mtandao, uone kama liliwahi kutumika. Nimewahi kukuta jina zuri la duka la vitenge ambalo miaka ya nyuma lilikuwa tovuti ya kamari. Tuliliacha. Na usichukue jina la kampuni inayojulikana ukabadilisha herufi moja: wenye alama ya biashara wana utaratibu wa kimataifa wa kudai domeni tangu 1999, na unaweza kunyang'anywa.

Ninaloliomba zaidi ya yote ni hili la umiliki. Tovuti yangu ya kwanza alinisajilia fundi mmoja wa mjini. Nilimtumia hela, akaweka barua pepe yake, namba yake, jina lake. Sikujua kuna tofauti. Mwaka ulipoisha taarifa za kulipia zilikwenda kwake, simu yake haipatikani, na mimi niligundua siku mteja aliponiambia tovuti imefunga. Nikaandika kwa msajili, wakanijibu kwa adabu kwamba kwenye kumbukumbu zao mimi si mwenye jina. Walikuwa sahihi. Jina nililoliandika kwenye mabango yangu yote likaenda.

Kwa hiyo siku ya kusajili kaa kwenye kiti wewe mwenyewe, hata kama fundi ndiye anabonyeza. Sehemu ya mmiliki iandikwe jina lako. Barua pepe iwe yako, unayoifungua, na isiwe ile inayoishia na domeni hiyohiyo, kwa sababu domeni ikizima na barua pepe inazima nayo. Neno la siri uliweke wewe. Ukisajili .com utaletewa ujumbe wa kuthibitisha barua pepe. Ubonyeze ndani ya siku 15, la sivyo jina linaweza kusimamishwa wakati umeshalipia. Uliza bei ya mwaka wa pili, sio ya kwanza tu, maana punguzo la mwanzo huwa la kuvutia. Ukiweza lipia miaka miwili au mitatu mara moja, kwa .com mwisho ni miaka 10.

Na ikitokea umechelewa, usikate tamaa siku hiyohiyo. Kwa .com msajili anaweza kukupa muda wa kulipia kwa bei ya kawaida, hadi siku 45 kutegemea na msajili mwenyewe. Baada ya hapo kuna siku 30 za kulikomboa kwa ada kubwa, kisha siku 5 za mwisho ambazo hakuna la kufanya, halafu jina linaachiwa yeyote. Mikia mingine ina siku zake, muulize msajili wako akuandikie.

Yule dada tulimsajilia kwa simu yake mwenyewe, pale pale kwangu, huku madumu yakisubiri gari. Aliniomba jambo moja nje ya mkataba, nikalifanya bila malipo: niliandika tarehe ya kulipia domeni ukutani kwa stoo yake, rangi ya njano, juu ya swichi ya taa anayoiwasha kila alfajiri.