Leseni imefungiwa? Jua kwanza nani kaifunga, ndo uanze kuhangaika

Machalii wa Arusha na Moshi, hii ishu naona inawapeleka watu mbio bila sababu. Dereva anasema "leseni yangu imefungiwa", anaanza kukimbia TRA, TRA wanamwambia nenda polisi, polisi wanamuuliza karatasi ya mahakama iko wapi, mwisho wa siku anakutana na jamaa nje ya geti anamwambia leta laki mbili nakumalizia. Kumbe hata hajui leseni yake ina shida gani. TRA wao wanachapisha kadi na kukusanya hela, kufungia sio kazi yao kabisa, kwahiyo ukianzia pale umeanzia mwisho.

Kuna hali nne na kila moja ina mlango wake: trafiki kaichukua mkononi barabarani, una madeni ya faini kwenye mfumo, polisi wameifungia kwa muda, au hakimu kaisimamisha au kaifuta kabisa. Ya tano sio kufungiwa, ni imeisha muda tu na mwenyewe hujaangalia tarehe, siku hizi inakaa miaka mitano sio mitatu kama zamani na kuhuisha ni 70,000. Cheka tu lakini wapo.

Ya kuchukuliwa mkononi ndo nyepesi. Umesimamishwa pale Kikatiti au Kwa Sadala, umepigwa tochi, mmebishana, askari kaondoka na kadi. Hapo hapo kabla hamjaachana chukua namba yake ya jeshi, iko kwenye sare, muulize kadi inalala kituo gani, na hakikisha kosa limeandikwa kwenye kile kimashine chake, maana kama halijaandikwa popote kesho utamdai nani. Lipa kwa control number, tunza meseji ya malipo, nenda kituoni muda wa kazi uulizie ofisi ya DTO, yaani mkuu wa trafiki wa wilaya. Ongea kwa adabu, "shikamoo afande" haijawahi kumpunguzia mtu kitu. Alafu kuna ujanja mmoja watu wanapeana vijiweni, eti nenda karipoti kwamba leseni imepotea upewe loss report ukachapishe nyingine. Acha. Leseni haijapotea, iko kwenye droo ya polisi, na unayempelekea taarifa ya uongo ni polisi huyo huyo. Umetoka kwenye kosa la barabarani umeingia kwenye jinai.

Madeni: ingia tms.tpf.go.tz, ule mfumo wa polisi wa faini za barabarani (TMS), angalia kwa namba ya leseni alafu angalia tena kwa namba ya gari. Hili la pili madereva wa Noah na Hiace za mabosi wanalisahau sana, unakuta gari imebeba faini za dereva aliyekutangulia alafu bosi anakukata wewe. Kosa moja ni 30,000, boda na bajaji ni 10,000 tangu bajeti ya 2021/22. Kwa hii barabara yetu ya Moshi ilivyojaa vibao vya hamsini kuanzia Tengeru, Usa, Maji ya Chai mpaka unaitafuta Boma Ng'ombe, mtu anaweza kukusanya nne kwa wiki na asijue. Lipa zote kabla hujaenda ofisi yoyote kuomba chochote. Huwezi kwenda kuomba kufunguliwa leseni huku mfumo unaonyesha unadaiwa, unampa afisa sababu ya kukurudisha bila hata kukusikiliza.

Sasa kufungiwa na polisi. Hii inawapata zaidi madereva wa mabasi, Coaster na malori, kwa mwendokasi na kuovateki pabaya, na mara nyingi inatangazwa mpaka kwenye redio. Kitu cha kwanza ni karatasi. Usikubali kuambiwa kwa mdomo tu "umefungiwa", nenda ofisi ya RTO, yaani mkuu wa trafiki wa mkoa, kwenye mkoa husika omba kwa maandishi umefungiwa kwa kosa gani, kuanzia tarehe ngapi mpaka ngapi, na masharti ya kurudishiwa ni yapi. Mkoa husika maana yake ni ulikokamatwa, sio unakoishi: mtu wa Ngarenaro aliyekamatwa Himo file lake liko Kilimanjaro, akikaa anazunguka sentro ya Arusha anapoteza nauli.

Ukishajua sababu ndo unaamua unakubali au unabisha. Kama unabisha na gari ni basi, lina kile kifaa cha LATRA (wasimamizi wa usafiri wa ardhini) cha kufuatilia mwendo, VTS, mwambie tajiri akutolee ripoti ya siku ile na saa ile. Hiyo inaongea kuliko maneno yako, ila na wewe ujue inaweza kuongea vibaya pia, isome kabla hujaipeleka. Kama unakubali, andika barua fupi, ukurasa mmoja unatosha: jina, namba ya leseni, kosa, tarehe, umefanya nini tangu ufungiwe, unaomba nini. Usiandike habari za watoto na kodi ya nyumba kurasa tatu, afande hasomi. Kama sharti ni kurudi darasani, Arusha kuna chuo cha ufundi cha VETA pale Njiro, Moshi nao wana VETA yao, na wa mabasi makubwa wengi wanaenda chuo cha usafirishaji, NIT Dar, kwa ile kozi ya PSV, ya magari ya abiria. Cheti toa kopi, original usiiache ofisi ya mtu.

Haya, mahakamani, hapa nitakaa kidogo kwa sababu hapa ndo watu wanaumia na wengi wanaumia kwa kutojua. Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973, Sura ya 168, inampa hakimu nguvu ya kusimamisha au kufuta leseni juu ya faini au kifungo. Yaani unaweza kulipa faini yako vizuri ukadhani yameisha, kumbe kwenye hukumu kuna mstari mwingine unasema hutaendesha kwa muda fulani. Dereva anapelekwa asubuhi, ana haraka, anaambiwa na wenzake "kubali yaishe urudi kazini", anasema ni kweli mheshimiwa. Tatizo ni kwamba ukikiri kosa kwa hiari yako huwezi tena kukata rufaa kupinga kutiwa hatiani, unabaki na nafasi ya kupinga adhabu tu, uzito wake au uhalali wake. Kwahiyo kama kosa ni kubwa, ajali yenye majeruhi au kifo, pombe, uendeshaji wa hatari, usikiri kwa ajili ya haraka. Omba muda utafute wakili. Huna hela ya wakili kuna msaada wa kisheria, LHRC (kituo cha sheria na haki za binadamu) wana ofisi Arusha, wilayani kuna wasaidizi wa kisheria, waulize hata ustawi wa jamii watakuelekeza.

Na kama umekutwa na hatia na unataka kukata rufaa, saa inaanza kugonga siku ile ile ya hukumu. Kutoka mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi kwenda Mahakama Kuu, notisi ya kusudio la kukata rufaa ni ndani ya siku 10, na rufaa yenyewe ndani ya siku 45, ila zile siku ulizokuwa unasubiri nakala ya hukumu na mwenendo wa kesi hazihesabiwi. Kwahiyo siku ya hukumu usitoke pale bila kuandika barua ya kuomba nakala, na kopi yako igongwe muhuri wa kupokelewa, huo muhuri ndo ushahidi wako kwamba hukulala. Mahakama Kuu iko Arusha na iko Moshi, huna haja ya kwenda mbali. Wakili muulize pia kuhusu kuomba ile amri ya leseni isitekelezwe kwanza wakati rufaa inasubiri.

Nakala ya hukumu unaihitaji hata kama hukati rufaa. Isome amri yenyewe: ni kusimamishwa au ni kufutwa, ni mpaka lini, ni daraja lote au baadhi. Kusimamishwa kukiisha unabeba ile nakala, risiti za faini na kitambulisho, unarudi kwa RTO kuomba ifunguliwe, haifunguki yenyewe kwa sababu tarehe imefika.

Ikiwa imefutwa, hakuna cha kufunguliwa. Muda wa zuio ukiisha unaanza upya kama mtoto wa form four: leseni ya kujifunzia ya 10,000 inayokaa miezi mitatu, shule ya udereva, jaribio kwa trafiki ambalo ada yake ni 3,000, ukifaulu ndo TRA na namba yako ya NIDA na TIN, picha, alama za vidole na ile 70,000. Inauma kwa mtu aliyeendesha cruiser porini miaka ishirini kuambiwa rudi nyuma mita ishirini bila kugusa koni. Fanya tu. Madaraja ya juu, C ya abiria na E ya malori, usitegemee yatarudi siku hiyo hiyo na D ya gari la kawaida.

Sasa yule jamaa wa nje ya geti. Vishoka hawana uwezo wa kufuta amri ya mahakama, anachoweza ni kukuletea kadi ya mchongo inayofanana na ya kweli, na trafiki siku hizi anaingiza namba kwenye mashine anaona kila kitu. Malipo yote halali yana control number. Mtu akikupa namba yake ya simu utume hela, ondoka.

Wakati unasubiri usiendeshe, hata "naisogeza tu mpaka kijiweni". Kuendesha ukiwa umezuiwa ni kosa jingine jipya, na ukigonga mtu bima ina sababu ya kukukimbia, alafu anayefilisika ni wewe na mwenye gari. Mwambie bosi ukweli mapema, kuna wanaokubali kukupa kazi ya kukatisha tiketi au kuosha magari miezi hiyo.

Ukirudishiwa, kabla hujashika usukani cheki tena TMS na uombe trafiki yeyote akuingizie namba aone inasomaje, maana kadi kuwa mfukoni na mfumo kuwa umefunguka ni vitu viwili. Dereva wa basi pitia na LATRA uhakikishe uthibitisho wako na i-button (kile kitufe cha kukutambulisha kwenye VTS) viko sawa, vinginevyo gari litawaka, utatembea, na kwenye mfumo wao safari itasomeka haina dereva.